Ukuta wa Upepo

Miaka mitatu nimewaahidi Diani.
Mwaka wa kwanza, paa lilizimeza pesa.
Wa pili, karo ya Mwakio.
Wa tatu nikanyamaza, nao wakanyamaza,
kimya kinachouma kuliko deni.

Basi Agosti hii, Nairobi ikiwa imejifunika mawingu
kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa,
nikawapeleka Ruai, nyuma ya kiwanda cha mabati,
ambako mtu mmoja mwenye akili na lori
amemwaga mchanga wa Machakos kando ya bwawa
akapigilia ubao: UFUONI.
Mtoto mia nne, mtu mzima mia sita,
kofia ya kuogelea ni lazima.

Mchanga ule naujua.
Ni wa plasta, na haukuchekechwa vizuri.
Mghoi akaniona nikiusugua kwa vidole
akasema, Baba Mwakio, leo huko kazini.

Na juu ya maji, ngome yenyewe:
minara ya njano, daraja linaloyumba,
magogo yanayobingirika,
ukuta wa kupanda wenye vishikio kama masikio ya ng'ombe,
yote plastiki, ndani upepo mtupu,
na ukingoni mashine moja inanguruma
ikiipulizia uhai kupitia bomba.

Mimi ni fundi wa mawe.
Nimesimamisha nguzo za ghorofa kule Pipeline
na siamini kitu kisicho na msingi.
Nikamwuliza kijana wa filimbi, hii imefungwa na nini?
Kamba, mzee.
Kamba ngapi?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwakio alikwisha vuka, anapunga mkono ng'ambo.
Wakesho, miaka saba, akakwama katikati ya daraja,
meno yakigongana,
akaniita kwa ile sauti ya siku za homa.

Nikaingia.
Maji baridi kama simiti ya alfajiri.
Jaketi la kuokolea likakataa kufunga tumboni.
Nikapanda, nikateleza. Nikapanda,
gogo likanizungusha, kichwa chini miguu juu,
watu wa Ruai wakashangilia.
Mara ya tatu nikatambaa kwa magoti,
mimi ninayetembea juu ya mbao za jukwaa, orofa ya sita,
nikitafuna mahindi.

Nikamfikia. Nikamshika mkono.
Hapo ndipo stima zilipopotea.

Mashine ikakohoa, ikazima.
Mwanzoni hatukuelewa. Kisha mnara wa njano
ukainamisha kichwa kama mtu anayesinzia ibadani,
ukuta ukashusha pumzi ndefu,
daraja likalegea chini ya magoti yangu.

Nimewahi kuona jengo likianguka. Sitasema la wapi.
Naijua sauti yake, vumbi lake,
majina tuliyoyaita mpaka usiku wa manane.
Kwa hiyo nilimfunika Wakesho kwa mwili wangu wote
nikafumba macho
nikangoja uzito.

Uzito haukuja.
Plastiki ilitulaza majini taratibu,
kama mama anayemshusha mtoto mgongoni
asije akaamka.
Na chini yangu kitu kikawa kinatetemeka:
Wakesho, anacheka, ananibandua mikono.
Baba, unanibana! Imeanguka! Iambie ianguke tena!

Wakawasha jenereta. Ngome ikainuka,
mnara baada ya mnara, bila timazi, bila fundi,
nao wakapanda na kuporomoka hadi saa kumi na moja.
Mimi nilikaa kwenye mchanga wa plasta
nimejifunga leso ya Mghoi, mikono haitulii,
nikimwambia kila anayeuliza kwamba ni baridi.

Usiku, nyumbani, Wakesho akataka kujua
kama ni kweli bahari ina chumvi.
Mghoi akajaza maji kwenye beseni la vyombo,
akatia chumvi kwa kiganja, akakoroga.
Tukaonja mmoja mmoja, tukakunja nyuso.
Mwakio akasema imezidi.
Wakesho akasema bado.
Wakatugeukia sisi wakubwa tuamue,
na sisi tukatazamana,
kwa sababu hakuna aliyewahi kuionja.